Safari ya gorila: Mgeni ajipime afya kabla ya kujipima viatu

KWA miaka mingi wakazi wa miji ya Afrika Mashariki wamezoea kuamini kwamba kuwatazama gorila wa milimani ni anasa ya watalii kutoka Ulaya na Marekani. Viwango vya ada vinavyotozwa na Uganda na Rwanda vinaonyesha vinginevyo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza kuifanya safari hiyo kwa sehemu ndogo tu ya ada anayolipa mgeni kutoka nje ya bara.

Hata hivyo, unafuu huo wa ada hauifanyi safari yenyewe kuwa ya kukurupuka. Ni safari inayohitaji kibali kilicholipiwa mapema, chanjo, miguu iliyozoea kupanda vilima na, zaidi ya yote, kifua kisicho na mafua. Sharti hili la mwisho ndilo ambalo wasafiri wengi hulichukulia kwa wepesi, ilhali ndilo linalogusa uhai wa wanyama wenyewe.

Wachache waliobaki

Gorila wa milimani, ambao Wanyarwanda huwaita ingagi, wanaishi katika maeneo mawili tu duniani. La kwanza ni safu ya milima ya volkano ya Virunga, ambako mipaka ya Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakutana. La pili ni msitu wa Bwindi ulioko kusini magharibi mwa Uganda, pamoja na kipande kidogo cha msitu wa Sarambwe kinachopakana nao upande wa Kongo.

Sensa ya mwaka 2015 na 2016 iliwahesabu gorila 604 katika safu ya Virunga. Ile ya Bwindi na Sarambwe ya mwaka 2018 iliwahesabu 459. Kwa jumla, hao ni wanyama 1,063, idadi isiyofikia hata wanafunzi wa shule moja kubwa ya sekondari ya mjini.

Idadi hiyo, ndogo kama ilivyo, ni matunda ya kazi ya miongo kadhaa. Mwaka 1981, hesabu ya Virunga ilionyesha kwamba walikuwa wamebaki gorila 254 tu katika milima hiyo. Miaka minne baadaye, Desemba 1985, mtafiti Dian Fossey, aliyekuwa ameanzisha kituo cha utafiti cha Karisoke nchini Rwanda mwaka 1967, aliuawa akiwa katika kibanda chake mlimani. Tangu wakati huo ulinzi uliimarishwa, na Novemba 2018 gorila wa milimani waliondolewa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka na kuwekwa daraja moja chini yake, la walio hatarini.

Kuongezeka kwao ni kwa mwendo wa kinyonga. Jike huanza kuzaa akiwa na umri wa takriban miaka 10, hubeba mimba kwa muda wa miezi minane na nusu, na baada ya kuzaa hukaa kiasi cha miaka minne kabla ya kuzaa tena. Kwa sababu hiyo, kifo cha jike mmoja ni hasara inayochukua miaka mingi kufidiwa.

Kibali kwanza, mengine baadaye

Hatua ya kwanza ya maandalizi ni kibali. Nchini Uganda vibali hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya nchi hiyo, na nchini Rwanda hutolewa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda. Msafiri anaweza kukinunua mwenyewe au kumtumia wakala wa utalii aliyesajiliwa.

Kwa mujibu wa viwango vya Uganda vilivyoanza kutumika Julai 2024, mgeni kutoka nje ya Afrika hulipa dola 800 za Marekani, ilhali raia wa nchi za Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda, kiasi kinachokaribia dola 80. Rwanda, ambayo Mei 2017 ilipandisha ada yake kutoka dola 750 hadi 1,500 kwa mgeni wa nje, imeweka kiwango cha dola 200 kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Unafuu huo ni wa raia tu, na hivyo pasipoti au kitambulisho cha uraia ni lazima kionyeshwe.

Kwa kuwa kila kundi la gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, vibali huwa vichache. Katika miezi ya kiangazi, yaani Juni hadi Septemba na Desemba hadi Februari, hununuliwa miezi kadhaa kabla. Miezi ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba na Novemba huwa na mvua nyingi. Njia huteleza na mwendo huwa mgumu, lakini vibali hupatikana kwa urahisi zaidi na nyumba nyingi za wageni hupunguza bei.

Jambo linalowaponza baadhi ya wasafiri ni kulipia malazi kabla ya kujua kibali chao ni cha eneo gani. Bwindi ina maeneo manne ya kuanzia safari, nayo ni Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Kwenye ramani yanaonekana kuwa jirani, lakini barabara hupinda na kuzunguka milima, na kutoka eneo moja hadi jingine kwa gari kunaweza kuchukua saa nyingi. Mwenye kibali cha Nkuringo aliyelala Buhoma anaweza kuikosa safari yake kabisa. Kanuni ni kupata kibali kwanza, kisha malazi ya karibu na eneo lililoandikwa, na ndipo usafiri upangwe.

Kwa upande wa Kongo, Hifadhi ya Taifa ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza barani Afrika, nayo ina gorila wa milimani. Lakini vita vya mashariki mwa nchi hiyo, ambavyo Januari 2025 viliufanya mji wa Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, vimeifanya safari ya huko kuwa ya hatari. Msafiri mwenye busara huelekea Uganda au Rwanda.

Kadi ya chanjo na saa za Kigali

Kwa Mtanzania, milango ya nchi kavu ni miwili. Wa kwanza ni Mutukula, kaskazini mwa Bukoba, ambako barabara huelekea Masaka, Mbarara na hatimaye Kabale, mji ulio karibu na Bwindi. Wa pili ni Rusumo, wilayani Ngara, ambako msafiri huvuka Mto Kagera na kuingia Rwanda. Wanaotumia ndege hushukia Entebbe au Kigali. Kutoka Kigali hadi Musanze, mji ulio chini ya milima ya volkano, ni mwendo wa kiasi cha saa mbili na nusu kwa gari. Kwa sababu hiyo wengi wenye muda mfupi huchagua Rwanda, na wenye muda mrefu na fedha kidogo huchagua Uganda.

Raia wa nchi hizi hahitaji viza, lakini anahitaji hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda huidai kadi hiyo kwa anayeingia, na Tanzania nayo huidai kwa anayerejea kutoka nchi zenye ugonjwa huo, Uganda ikiwa mojawapo. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kudungwa, hivyo aliyechanjwa siku moja kabla ya safari anaweza kuzuiwa mpakani. Tangu Julai 2016 chanjo moja hutambulika kwa maisha yote, na kwa hiyo mwenye kadi ya zamani hahitaji kuirudia.

Aidha, ni vizuri kukumbuka kwamba Rwanda iko nyuma kwa saa moja. Saa 1 asubuhi ya Kigali ni saa 2 asubuhi ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Anayeendesha gari lake azingatie pia kwamba Rwanda magari hupita upande wa kulia wa barabara. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini humo tangu mwaka 2008, na Watanzania, ambao marufuku kama hiyo iliwafikia Juni 2019, hawatapata tabu kuizoea.

Mafua ya binadamu, msiba wa gorila

Gorila anafanana na binadamu katika zaidi ya asilimia 98 ya vinasaba vyake. Undugu huo ndio unaowavutia wageni, na ndio unaowahatarisha wenyeji wao wa msituni. Maradhi mengi yanayompata binadamu humpata gorila pia, lakini gorila hana kinga aliyoipata utotoni kama mtoto wa mjini, wala hana zahanati ya kukimbilia.

Ushahidi upo. Mwaka 1996 ugonjwa wa upele uliwapata gorila wa Bwindi waliokuwa wamezoeshwa watu, na mtoto mmoja wa gorila akafa. Daktari wa mifugo Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda, aliyewatibu, aliuhusisha ugonjwa huo na jamii za jirani, ambako gorila walikuwa wakiyagusa mavazi machafu yaliyovishwa sanamu za kutishia wanyama mashambani. Tukio hilo lilimfanya aanzishe, mwaka 2003, shirika linaloshughulikia afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja, kwa hoja kwamba gorila hawezi kuwa salama iwapo jirani yake ni mgonjwa.

Mwaka 2009, nchini Rwanda, maradhi ya njia ya hewa yaliingia katika kundi la Hirwa. Jike mmoja na mtoto mchanga walikufa, na uchunguzi ulivikuta katika miili yao virusi vya binadamu, vya aina ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huleta mafua na kikohozi cha kawaida. Januari 2021, gorila wa bustani ya wanyama ya San Diego nchini Marekani walithibitika kuambukizwa virusi vya Uviko-19.

Tanzania haina gorila, lakini jambo hili si geni kwake. Sokwe wa Gombe na Mahale, mkoani Kigoma, hutembelewa kwa masharti yanayofanana na hayo kwa sababu hiyo hiyo, na mwaka 2006 sokwe wa Mahale walikumbwa na maradhi ya njia ya hewa yaliyohusishwa na virusi vya binadamu.

Kwa misingi hiyo masharti yamewekwa. Mgeni hukaa na gorila kwa muda wa saa moja tu. Umbali, ambao kabla ya Uviko-19 ulikuwa mita saba, sasa ni mita 10, na barakoa ni ya lazima. Mtoto aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi, kwa kuwa watoto ndio wabebaji wakubwa wa maradhi kama surua na tetekuwanga. Mwenye mafua, kikohozi, homa au kuharisha haruhusiwi kupanda.

Hapo ndipo penye mtihani. Mtu aliyeweka akiba kwa miezi sita, akasafiri siku mbili kwa basi na kuamka alfajiri akiwa na makamasi, atashawishika kumeza vidonge viwili na kukaa kimya. Maofisa wa hifadhi humwangalia kila mgeni na wanayo mamlaka ya kumrudisha, lakini hawawezi kuyaona yote. Sehemu kubwa ya ulinzi imo katika ulimi wa mgeni mwenyewe.

Kwa hiyo maandalizi ya afya huanza wiki mbili kabla. Ni vyema msafiri akamilishe chanjo zake, ajiepushe na watu wenye mafua katika siku za mwisho, na avae barakoa ndani ya basi au ndege. Vilevile amuulize wakala, kabla ya kulipa, ni masharti gani ya kurejeshewa fedha au kubadilishiwa tarehe iwapo ataugua. Mwenye uhakika kwamba hatapoteza kila kitu husema ukweli kwa urahisi zaidi. Panapokuwa na mlipuko wa magonjwa makubwa, kama ule wa Marburg uliotokea Rwanda mwaka 2024 na ule wa Ebola uliotokea Uganda mapema mwaka 2025, matangazo ya wizara za afya yafuatiliwe hadi siku ya kuondoka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Msituni Bwindi, usemi huo huchukuliwa jinsi ulivyo.

Buti, glavu na mpagazi

Msitu wa Bwindi uko kati ya mita 1,160 na 2,607 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Virunga ni mirefu zaidi. Mlima Karisimbi, ulio mrefu kuliko yote katika safu hiyo, una mita 4,507. Gorila hawana kituo maalumu. Kila jioni hujenga viota vipya na kulala walipofika. Ndiyo maana mgeni mmoja huweza kuwafikia kwa nusu saa, na mwingine akatembea saa tano au sita.

Kwa mkazi wa mji anayeshinda ofisini, mwezi mmoja wa kutembea kwa miguu na kupanda ngazi za ghorofa badala ya lifti ni maandalizi yanayotosha. Mavazi nayo si ya fahari. Yanahitajika buti imara zisizoteleza, zilizokwisha kuvaliwa mara kadhaa. Suruali ndefu ngumu, ambayo miguu yake huchomekwa ndani ya soksi kuzuia siafu. Shati la mikono mirefu. Koti la mvua. Na glavu nene za kazi za shambani, kwa ajili ya miiba na mimea inayowasha. Maji yasiyopungua lita mbili, chakula chepesi, barakoa za ziada na mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya kamera hukamilisha mzigo. Dawa za kujikinga na malaria zijadiliwe na daktari mapema.

Mzigo huo si lazima aubebe mwenyewe. Katika vituo vyote wapo wapagazi, vijana na akina mama wa vijiji vya jirani, wanaomshika mgeni mkono penye utelezi na kumsukuma penye kilima. Kumkodi mpagazi ni msaada kwa miguu ya mgeni na ni riziki kwa kaya ambayo vinginevyo ingeuona msitu kuwa ni kuni na nyama tu.

Saa moja msituni

Siku yenyewe huanza mapema. Wageni hukusanyika asubuhi, Kinigi kwa upande wa Rwanda au kwenye kituo cha eneo husika kwa upande wa Uganda, ambako hukaguliwa, hupewa maelezo na hugawanywa katika makundi. Wakati huo wafuatiliaji wa nyayo huwa wamekwisha kuingia msituni. Huanzia pale gorila walipoonekana jana yake, hufuata viota na majani yaliyovunjwa, kisha humjulisha kiongozi wa wageni kwa redio.

Gorila wanaotembelewa ni wale waliozoeshwa watu, kazi inayochukua miaka miwili au zaidi kwa kila kundi. Kuzoeshwa si kufugwa. Dume mkubwa, anayetambulika kwa mgongo wake wenye manyoya ya rangi ya fedha, anaweza kufikia uzito wa kilo 200. Akimjia mgeni kwa vishindo, mgeni hatakiwi kukimbia; hujikunyata, huinamisha macho na kumfuata kiongozi wake. Kamera haziruhusiwi kutoa mwanga. Kula, kunywa na kutema mate karibu nao ni marufuku, na anayebanwa na haja huchimbiwa shimo ambalo baadaye hufukiwa.

Baada ya saa hiyo moja wageni huondoka, hata kama ndipo watoto wa gorila wameanza kucheza.

Njia ya kurudi ina mbuga

Anayetaka kuunganisha safari hiyo na wanyama wa nyika hana haja ya kwenda mbali. Kaskazini mwa Bwindi iko Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, yenye simba wanaopanda miti eneo la Ishasha na viboko wengi katika mfereji wa Kazinga. Nchini Rwanda, Hifadhi ya Akagera, inayopakana na Tanzania, ilirejeshewa simba mwaka 2015 na faru weusi mwaka 2017, na iko upande wa Rusumo anakopita anayerudi Ngara. Ni busara kuziweka mbuga hizo baada ya gorila, kwa kuwa tarehe ya kibali haibadilishwi kwa urahisi, ilhali simba wanaweza kusubiri siku moja zaidi.

Fedha zinakokwenda

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kwa nini watu waruhusiwe kabisa kuwakaribia wanyama wanaoweza kufa kwa mafua. Jibu lilionekana mwaka 2020. Hifadhi zilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19, mapato ya utalii yalikatika na vijiji vingi vikakosa kipato. Mwanzoni mwa Juni mwaka huo, Rafiki, dume kiongozi wa kundi la Nkuringo, aliuawa kwa mkuki na mwindaji haramu aliyeingia Bwindi kutafuta nyama. Mtu huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 11 jela.

Ada za wageni ndizo zinazowalipa walinzi na wafuatiliaji, na sehemu yake hurudi vijijini. Rwanda, iliyokuwa ikitoa asilimia tano ya mapato ya hifadhi kwa jamii za jirani tangu mwaka 2005, iliongeza kiwango hicho hadi asilimia 10 mwaka 2017. Malalamiko hayajakwisha. Wabatwa, waliohamishwa Bwindi ulipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, ndio waliolipa gharama kubwa kuliko wote, na wengi wao hadi leo hawana ardhi. Mgeni anayenunua vikapu vyao au kumlipa mwongozaji wao anapunguza deni hilo kidogo tu, lakini anapunguza.

Hivyo gorila anamhitaji mgeni, na anahitaji pia mgeni huyo akae mbali kwa hatua 10 na afike akiwa mzima. Anayejiandaa kwa safari hii aweke akiba ya fedha, anyooshe miguu na achanjwe mapema. Na akiamka siku ya safari akiwa na kikohozi, amwambie kiongozi wake na abaki kambini.